Wa Kwanza Kufika ni Jirani: Kuwaandaa Wahudumu wa Afya wa Nakivale kwa Mabomu, Ajali na Magonjwa ya Mlipuko

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, watu waliokuwa kazini katikati ya Nairobi walisikia kishindo kutoka upande wa ubalozi wa Marekani. Wengi wakakimbilia madirishani kuona kuna nini. Muda si muda bomu lenyewe likalipuka, na vioo vikawarukia usoni. Mashambulio ya siku ile yaliua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, ambako nako ubalozi wa Marekani ulilipuliwa; maelfu wakajeruhiwa, na wako waliopoteza macho kwa sababu tu ya kwenda kuchungulia. Walioanza kuwafukua watu kwenye kifusi cha jengo la Ufundi, jirani na ubalozi, walikuwa wapita njia kwa mikono mitupu. Majeruhi wengi walifika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kwa matatu, teksi na pikapu, si kwa gari la wagonjwa.

Naanzia Nairobi ingawa makala haya nimeyaandika kwa ajili ya Nakivale. Misiera, kijiji chetu hapa Nakivale, haina maghorofa wala vioo vya kupasuka. Ila lililotokea katika mji mkubwa wenye hospitali kubwa ndilo litakalotokea kijijini kwetu, tena kwa uzito zaidi: saa ya kwanza itakuwa mikononi mwa walio karibu. Kutoka Nakivale hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara ni kama kilomita 60, na sehemu ya njia hiyo ni ya vumbi wakati wa jua na ya utelezi wakati wa mvua. Kwa hiyo swali la nani apewe mafunzo ya kukabili maafa lina jibu jepesi. Waanze wanaoishi hapo: wahudumu wa afya wa kijiji, yaani VHT, wauguzi wa vituo vyetu, wenyeviti wa RWC (baraza la ustawi wa wakimbizi), walimu, madereva wa boda, mapasta na maimamu.

Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo wapo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengineo, zaidi ya 150,000, wakiishi bega kwa bega na wenyeji wa wilaya ya Isingiro. Ni watu wanaoijua hatari kwa kuiona. Hilo ni nguvu, na pia ni jambo la kulichunga sana wakati wa kufundisha, kama nitakavyoeleza.

Hatari zipi hasa?

Ugaidi umeshafika Uganda. Tarehe 11 Julai 2010, watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika mgahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, na katika klabu ya raga ya Kyadondo walilipuliwa na kundi la Al-Shabaab la Somalia; zaidi ya 70 walikufa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wapiganaji wa kundi la waasi la ADF waliivamia shule ya sekondari ya Mpondwe Lhubiriha, Kasese, mpakani na Kongo, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Kuna familia nyingi Nakivale zilizokimbia Beni na viunga vyake, huko Kongo, kwa sababu ya ADF hao hao.

Lakini mhudumu wa Misiera atakutana na lori lililopinduka kabla hajakutana na bomu. Agosti 2019, lori la mafuta lililipuka Kyambura, wilaya ya Rubirizi, likaua watu wapatao 20. Siku chache kabla yake moto wa lori kama hilo ulikuwa umeua zaidi ya 100 Morogoro, Tanzania. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba Bukoba, ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini. Kipindupindu kililipuka katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali mwanzoni mwa 2018 wakati watu wa Ituri, Kongo, walipokuwa wakivuka Ziwa Albert kwa maelfu. Marburg ilitokea Kagera mwaka 2023, kisha Rwanda mwaka 2024. Na Ebola haikuishia kaskazini mwaka 2000: kati ya wagonjwa 425 wa mlipuko ule wa Gulu, watano walihesabiwa Mbarara.

Kumfundisha mtu kila hatari peke yake haiwezekani, na haina haja. Bomu, basi na kipindupindu vinadai mambo yale yale kwa siku ya kwanza: kutambua, kupiga simu, kujikinga, kutenganisha, kuhesabu. Anayeyajua haya kwa lori anayajua kwa bomu.

Kimeta cha barua na kimeta cha ng'ombe

Mwaka 1951 Marekani ilianzisha kikosi cha wapelelezi wa magonjwa. Mwanzilishi wake, daktari Alexander Langmuir, alipata fedha kwa kuwa serikali iliogopa silaha za vijidudu wakati wa vita vya Korea. Silaha hizo hazikuja, na vijana wake wakatumia miaka mingi kufuatilia polio, sumu za vyakula na magonjwa ya kawaida. Mwaka 2001 hofu ya zamani ikatimia: barua zenye vimelea vya kimeta zilitumwa kwa posta, watu 22 wakaugua na watano wakafa. Aliyegundua mgonjwa wa kwanza alikuwa daktari wa hospitali ya Florida aliyeona kitu kisicho cha kawaida kwenye darubini, akakipa jina na kutoa taarifa bila kungoja.

Kimeta hicho hicho kinaishi katika udongo wa malisho yetu. Kilithibitishwa Kyotera mwishoni mwa 2023, baada ya watu kuchuna na kula ng'ombe waliokufa wenyewe. Isingiro imo katika ukanda ule ule wa wafugaji. Mhudumu aliyefundishwa kwamba kidonda kisichouma chenye kigaga cheusi katikati, kwa mtu aliyegusa mzoga, ni jambo la kupigiwa simu leo leo, ameandaliwa kwa ng'ombe na kwa gaidi kwa pamoja. Mzoga usipasuliwe, usichunwe, usigawiwe hata kama nyama inaonekana safi. Aitwe ofisa wa mifugo auzike.

Uganda nayo ilifungua mwaka 2015 mafunzo ya miaka miwili kwa wapelelezi wake wa magonjwa, na kituo cha taifa cha kuratibu dharura za afya kilikuwa kimeanzishwa mwaka 2013. Kazi ya vyombo hivyo huanza pale mtu wa kijiji anapotoa taarifa. Asipotoa, wataalamu wa Kampala hawana la kufuatilia.

Somo la kwanza: kutambua na kusema

Wilaya ya Mubende inatufundisha. Ebola ya aina ya Sudan ilitangazwa huko tarehe 20 Septemba 2022, lakini vifo visivyoeleweka vilikuwa vimeanza tangu Agosti. Familia zilizika, jirani akaugua, akazikwa. Hadi mlipuko unamalizika Januari 2023, wagonjwa 142 walikuwa wamethibitishwa na 55 kati yao wamefariki. Mapema mwaka 2025 muuguzi wa Kampala aliyekufa kwa Ebola alikuwa ameshapita vituo kadhaa vya tiba na kwa mganga wa kienyeji kabla ugonjwa haujajulikana.

Hivyo mafunzo ya VHT yaanze na sentensi fupi, zinazosemeka kwa lugha ya nyumbani. Mtu mwenye homa pamoja na vipele na macho mekundu: shuku surua, na katika makazi ya wakimbizi mgonjwa mmoja tu anatosha kutoa taarifa. Mtu mzima anayeharisha majimaji mfululizo hadi anaishiwa nguvu: shuku kipindupindu. Homa kali inayofuatiwa na kutokwa damu, au kifo cha ghafla baada ya homa: usiguse, piga simu. Watu wawili au zaidi wa nyumba moja, au waliokula pamoja, wakiugua kwa namna moja ndani ya wiki: piga simu. Wanyama wakifa kwa wingi: piga simu.

Wizara ya Afya ya Uganda inapokea ujumbe wa bure kwa namba 6767. Anza ujumbe na neno ALERT. Simu ya bure ni 0800 100 066. Polisi ni 999 au 112. Mwanafunzi asiondoke darasani kabla hajaandika ujumbe wa majaribio wenye mambo sita: nini kimetokea, wapi hasa, lini, wangapi, umri wao, na wewe umefanya nini. "Kuna watu wanaumwa huku kwetu" si taarifa. "Misiera, nyumba tatu karibu na bomba la maji, watu watano wanaharisha tangu jana, mmoja mtoto wa miaka miwili, nimewapa maji ya ORS" ni taarifa, na ofisa wa wilaya anaweza kuwasha gari kwa hiyo.

Kipimo kinachotumika sasa duniani ni saba, moja, saba: mlipuko ugunduliwe ndani ya siku saba, utolewe taarifa ndani ya siku moja, na hatua za kwanza zikamilike ndani ya siku saba nyingine. Siku saba za mwanzo ni za kijiji.

Glavu na masizi

Daktari Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu, aliyeongoza vita dhidi ya Ebola ya mwaka 2000, alifariki kwa ugonjwa huo huo tarehe 5 Desemba mwaka ule, baada ya wauguzi wake kadhaa kumtangulia. Katika Marburg ya Rwanda wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Yeyote anayetaka kumpeleka VHT kwenye nyumba ya mgonjwa bila glavu wala sabuni ayakumbuke haya kabla hajatoa amri.

Hatari kubwa iko wakati wa kuvua. Kuna zoezi rahisi la kulionyesha hilo, lisilohitaji projekta. Changanya masizi ya sufuria na mafuta kidogo ya kupikia. Mwanafunzi avae glavu, azipake masizi hayo viganjani, kisha avue kama alivyozoea. Mtazame vifundo vya mikono, mkono wa shati, pua aliyojikuna. Kila doa jeusi ndipo maradhi yangeingilia. Kisha afundishwe: bana glavu ya kwanza kwa nje karibu na kifundo, ivute iingie ndani-nje, ishike kwenye kiganja chenye glavu, ingiza kidole kisichovaa kitu chini ya glavu ya pili, kwa upande wa ndani, uivue ikiifunika ya kwanza. Nawa. Arudie hadi masizi yasionekane popote. Wengi hawafaulu mara ya kwanza wala ya pili, na ndiyo sababu zoezi hili lipewe asubuhi nzima, hata kama ratiba ya mfadhili imeliwekea nusu saa.

Klorini nayo ipimwe kwa mikono yao wenyewe. Jiki nyingi za madukani zina nguvu ya asilimia 3.5, soma lebo kwanza. Kikombe kimoja cha jiki hiyo na vikombe sita vya maji vinatoa dawa ya asilimia 0.5, ya kusafishia sakafu, vyombo na matapishi. Chukua kikombe kimoja cha dawa hiyo, ongeza vikombe tisa vya maji, upate asilimia 0.05 ya kunawia mikono wakati hakuna sabuni. Ndoo hizo mbili ziandikwe kwa rangi tofauti. Ya kwanza inachubua ngozi, na hakuna itakayonywewa.

Mgonjwa wa kuharisha anahitaji maji kabla ya dawa nyingine yoyote. Pakiti ya ORS, yaani chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, isipokuwapo, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa, humshikilia njiani hadi kituoni.

Majeruhi wengi, mikono michache

Chukua siku ya mgao wa chakula. Mamia ya watu wamepanga foleni, jua kali, lori linarudi nyuma na breki zinakataa. Au kuna mlipuko, hakuna anayejua wa nini. Mhudumu wa kwanza kufika atavutwa nguo na anayelia zaidi. Anayelia ana pumzi. Aliyenyamaza ndiye wa kutafutwa.

Njia inayofundishwa sehemu nyingi ni hii, na haizidi dakika moja kwa kila mtu. Paza sauti: anayeweza kutembea aje chini ya mti ule. Hao ni wa kijani. Kisha mwendee aliyelala karibu nawe. Hapumui? Inua kidevu, fungua njia ya hewa. Akianza kupumua ni mwekundu. Asipoanza ni mweusi, na unapita. Hilo ndilo gumu kuliko yote, na mwalimu asilipitie haraka. Anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au mapigo ya kifundo cha mkono hayapatikani, au hawezi kufuata amri ndogo kama "nibane mkono"? Ni mwekundu, aondoke kwanza. Aliyebaki ni wa njano. Vipande vya vitambaa vya rangi nne, vilivyokatwa mapema na kuwekwa kwenye mfuko wa VHT, vinatosha.

Damu inayoruka isimamishwe papo hapo: kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa uzito wa mwili. Ikikataa, na jeraha liko mkononi au mguuni, funga mkanda mpana vidole vinne juu ya jeraha, usiwe juu ya kiungo, kaza kwa kijiti hadi damu ikome, andika saa. Kamba nyembamba ya katani inakata nyama, usiitumie. Usiulegeze mkanda njiani.

Kyadondo ililipuka mara mbili. Kwa hiyo baada ya mlipuko watu waondolewe mbali, umati usiachwe kurudi kutazama, na mhudumu asiingie hadi polisi waruhusu, ingawa moyo unamuuma. Panapohisiwa sumu, mambo ni mengine tena. Tokyo, Machi 1995, waliovuta gesi ya sarin kwenye treni walijipeleka hospitali kwa miguu na teksi; Hospitali ya St. Luke's peke yake ilipokea 640 siku ile, na mvuke wa nguo zao ukawadhuru waliowahudumia. Nakivale sumu iliyo karibu zaidi ni dawa ya kunyunyizia mazao, na kanuni ni hiyo hiyo: mvue nguo nje, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, ndipo aingie wodini.

Madereva wa boda wafundishwe pamoja na VHT, siku moja, uwanja mmoja. Watabeba majeruhi tupende tusipende. Wasipoambiwa, watawapeleka wote kituo kimoja kilicho karibu, wa kijani wakifika kwanza na kujaza vitanda. Awepo mtu mmoja, daftari mkononi, anayeandika nani amekwenda wapi na boda gani. Jioni mama mmoja atakuja kuuliza mwanawe yuko wapi, naye anastahili jibu.

Tusimwumize aliyekwisha kuumia

Katika nchi nyingine mazoezi ya ugaidi hufanywa kwa baruti za kuigiza, damu ya rangi na watu waliovaa kama wavamizi. Nakivale hilo lisifanyike kamwe. Mwanamke aliyetoka Kivu usiku akiacha nyumba ikiungua hahitaji kusikia mlio wa bunduki ili ajifunze kufunga jeraha. Tumieni ajali ya lori badala ya shambulio. Stadi ni zile zile. Tangazeni siku tatu kabla kwa vipaza sauti, msikitini na kanisani, kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Runyankore, kwamba siku fulani, mahali fulani, kutakuwa na zoezi. Aliyefundishwa akitaka kutoka nje, atoke bila kuulizwa. Na wote wafunzwe huduma ya kwanza ya moyo: kutazama nani anatetemeka au amenyamaza, kumsikiliza bila kumlazimisha asimulie, na kumuunganisha na ndugu, maji, blanketi na mtu wa kukaa naye.

La pili ni zito zaidi. Baada ya mabomu ya 2010, Wasomali wa Uganda walitazamwa kwa jicho la shaka. Mafunzo yenye neno ugaidi yanaweza kurudisha jicho hilo ndani ya kituo cha afya. Mhudumu wa afya si askari wa upelelezi. Haulizi mgonjwa dini yake, hapeleki majina ya waumini kwa mtu, hachunguzi nani alipokea wageni. Anaripoti ugonjwa na jeraha. Akishaonekana kama jasusi, mtaa mzima utaficha wagonjwa wake, na kipindupindu kitatembea wiki mbili kabla hakijajulikana. Hili liandikwe kwenye mkataba wa mafunzo na lisomwe mbele ya viongozi wa kila jamii, wakiwamo wakalimani. Mwenye malalamiko ana simu ya bure ya wakimbizi, 0800 323 232.

Baada ya cheti

Mafunzo ya siku tano hotelini Mbarara, yakimalizika kwa picha ya pamoja, huyeyuka ndani ya miezi michache. Afadhali nusu siku kila baada ya miezi mitatu, pale pale kijijini. Robo ya kwanza kipindupindu kwa zoezi la mezani: ramani ya Misiera imechorwa chini kwa kijiti, mawe yakiwa nyumba, na mwalimu akitoa habari kidogo kidogo, "sasa wamefika wagonjwa tisa, klorini imebaki ndoo moja, unafanya nini?" Robo inayofuata majeruhi, uwanjani. Kila zoezi limalizike kwa maswali manne yanayojibiwa kwa uwazi, muuguzi mkuu akiwa amekaa chini pamoja na wengine: tulitarajia nini, kimetokea nini, kwa nini, tubadilishe nini kabla ya mara ijayo.

VHT ni watu wa kujitolea. Wana mashamba, wana watoto, na msaada wa chakula umepungua. Kumtaka mtu huyo apige simu usiku bila salio, aguse damu bila glavu, aache jembe siku nzima bila nauli, ni kumtwisha mzigo wa serikali na mashirika. Bajeti ya mafunzo isiyo na salio, glavu, posho na sanduku la vifaa vya kubaki kijijini irudishwe kwa aliyeiandika.

Mkiwa hamna fedha yoyote mwezi huu, anzeni na orodha ya simu. Iwe ukurasa mmoja: VHT wote, kituo cha afya, dereva wa gari la wagonjwa, boda watano wanaolala karibu, mwenyekiti wa RWC na wa LC (baraza la kijiji la wenyeji), ofisa wa mifugo, wakalimani wa kila lugha, polisi, 6767. Ibandikwe kituoni, shuleni, msikitini, kanisani na bombani, ndani ya nailoni ili mvua isiifute. Kila tarehe mosi mtu mmoja azipige namba zote, moja baada ya nyingine. Isiyopokelewa ibadilishwe siku hiyo hiyo.